Shangazi Aliyelinda Mkanda

Harusi ya kwanza niliyopiga picha peke yangu ilikuwa Ng'ambo, ule upande wa mji wa Unguja, mwaka 1999, na kazi haikuishia ukumbini. Asubuhi yake shangazi wa bi harusi alinipitia nyumbani, kavaa buibui, mkononi kikapu cha ukili, akaniambia, "Haya mwanangu, twende." Mikanda yangu minne ya picha 36 ilikuwa ndani ya kikapu kile tangu usiku. Hakuniachia hata mmoja nilale nao.

Duka la kusafishia picha lilikuwa na kijana wa kiume kwenye mashine. Shangazi alimsalimu vizuri, akamuulizia dada yake. Dada mtu alikuwa chumba cha nyuma anapanga bahasha. "Basi leo atafanya yeye," akasema, wala hakuwa akiomba. Kijana akatoka kwenda kunywa kahawa, na nadhani alikunywa birika zima, maana tulikaa pale saa mbili na nusu. Shangazi alivuta kigoda kando ya mashine. Kila picha iliyotoka aliipokea yeye, ingali na joto, akailaza kifudifudi mapajani. Zilizoharibika akazidai. Negativu akazidai. Hata vile vipande vya kujaribia rangi alivikusanya kimoja kimoja, akavitia kikapuni na kuvifunika kwa upande wa kanga. Alipomaliza akanigeukia.

"Na weye, kichwani mwako zimebaki ngapi?"

Nilicheka. Yeye hakucheka.

Kwa asiyeijua pwani yetu: sherehe ya wanawake haiingii mwanamume. Mabuibui huvuliwa mlangoni. Ndani kuna nywele zilizosukwa na kutengenezwa, hina na piko mpaka viwikoni, magauni ya mabega wazi, taarabu, watu wanatunzana. Picha ya mle ndani ikionekana barazani, fedheha haiwi ya aliyepigwa tu, inakuwa ya ukoo. Siku hizi mlangoni hubandikwa stika juu ya kamera ya simu, au simu zote hukusanywa, na mgeni anayegoma hurudi kwao na zawadi yake. Kwa hiyo mpiga picha mwanamke, Unguja au Mombasa, hakosi kazi. Nikialikwa kuzungumza na vijana huulizwa nilipambana vipi kuingia katika kazi ya wanaume. Sikupambana. Mlango ulikuwa wazi, walioushika walikuwa wanawake, na waliozuiwa nje walikuwa wanaume. Najua si jibu wanalolitaka.

Ufundi wenyewe nilijifunza katika studio moja ya mjini, nikianzia na ufagio. Kulikuwa na pazia lililochorwa mnazi na bahari. Bahari ya kweli ilikuwa hatua mia mbili kutoka pale, lakini watu walipenda ile ya pazia, haina matope. Kulikuwa na stuli, ua la plastiki, kioo, na kitana kilichofungwa uzi ukutani kisiibwe. Wanawake walikuja wawili wawili, mashoga, wamevaa sare, wakajitazama kiooni robo saa nzima kabla hawajamwambia mzee wangu wa kazi kwamba wako tayari. Mzee hakumgusa mteja mwanamke hata siku moja. Alielekeza kidevu kwa rula, kwa mbali, kama mwalimu anayeonyesha mto kwenye ramani. Na mteja akisema hapana, nataka niangalie huku, basi aliangalia huku. Picha ikitoka akaichukia, alirudiwa bure. Nilimuuliza siku moja kwa nini asiwaambie wanapokosea. Akaniambia aliyelipa ndiye anayeijua sura yake.

Nilikuwa pia na tabia ya kupita Capital Art Studio, pale Kenyatta Road, ile iliyofunguliwa na Ranchhod Oza mwaka 1930. Sikununua kitu. Nilikwenda kusimama tu mbele ya zile picha nyeusi na nyeupe za Unguja ya zamani. Wenzangu waliangalia majahazi na wafalme. Mimi niliwatafuta watu wa kawaida, waliokwenda dukani kwa miguu yao kutaka picha. Unawajua kwa namna walivyokaa. Mtu aliyekuja kupigwa picha kwa hiari yake hukaa kama mwenye nyumba.

Haya nayasema mapema kwa sababu nilikuja kuyasahau yote.

Mwaka 2008 shirika moja lilitaka picha za wanawake wa mwani, upande wa mashariki ya kisiwa, na likataka mpiga picha mwanamke. Nilikuwa nimenunua kamera yangu ya kwanza ya dijitali, kwa fedha za harusi. Siku mbili, gari, chakula, malipo ambayo kwangu yalikuwa makubwa. Nilijiona nimefika.

Kilimo cha mwani Unguja kilianza kibiashara mwaka 1989, katika vijiji vya Paje na Jambiani, kwa mbegu iliyoletwa kutoka Ufilipino. Mwanzoni wanaume nao walikuwamo. Bei ilipokuwa haipandi wakarudi kwenye uvuvi na baadaye kwenye mahoteli, wakabaki wanawake, nao kwa fedha ile walinunua mabati ya nyumba, sare za skuli na vitanda vya samadari. Kwa wengi ilikuwa mara ya kwanza kushika fedha isiyopitia mkononi mwa mume. Wapo waume waliopinga, na ndoa zilizovunjika zipo. Wanawake niliowakuta hawakuwa watu wa kuhurumiwa. Wa kuhurumiwa nilikuwa mimi, na viatu vyangu vya raba kwenye matope.

Sasa hawa kina mama walikuwa wameambiwa kuna mpiga picha anakuja. Tulipoteremka garini walikuwa wamejipanga chini ya mkungu, doti mpya zote, wanja machoni, wawili wamejitia asumini. Walikuwa wamekuja studio. Mkuu wa msafara akanivuta pembeni. Hakupendezwa. Alitaka nguo za kazi, zilizorowa. Alitaka wawe majini, wameinama. Na wasicheke, maana picha ya mtu anayecheka haichangishi fedha.

Nikawaambia. Nilitumia maneno mazuri, lakini niliwaambia. Wakatazamana, wakaenda kuvua kanga zao mpya wakavaa za zamani, wakarudi. Bibi mmoja aliyekuwa na asumini aliitoa kichwani akaishika, hakujua aiweke wapi. Nikampiga picha ya kuinama majini, uso mzito. Ilikuwa picha nzuri, kwa macho ya kazi. Iliwekwa kwenye ukurasa wa mbele wa ripoti yao. Uso ulikuwa mzito kwa sababu alinikasirikia.

Nililijua hilo palepale wakati kidole changu kiko juu ya kitufe, na sikukiondoa. Malipo yalikuwa mazuri.

Nilirudi kule kijijini miezi minane baadaye kwa daladala, bila shirika. Sitajitia kusema nilirudi kwa ajili ya toba. Nilirudi kwa sababu zile picha hazikuwa na kitu. Ukizitazama unaona maji, mgongo, kamba. Hujui huyu ni mkali, yule ni mcheshi, wale wawili hawasemezani.

Kitu cha kwanza kilichonifundisha adabu ni bahari. Vitabu vyote vya kamera vinakwambia upige alfajiri au jioni, jua likiwa laini. Mwani haujali vitabu. Kazi hufanywa bamvu, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji yanapokupwa mbali mpaka mashamba yote yanabaki nje, na siku hizo kwetu maji hukauka kwenye saa nne asubuhi. Saa nne mpaka saa saba jua liko utosini, mchanga mweupe unawaka, na mwanamke amevaa mtandio na juu yake kofia ya ukili. Uso wote ni kivuli cheusi. Miezi ya mwanzo nilirudi na picha za kofia zinazotembea. Nikajaribu flashi, wakatoka kama watu waliokamatwa usiku. Baadaye ndiyo nikagundua kwamba ule mchanga mweupe unaoniumiza macho ndio taa yangu: nikipiga magoti, maji kiunoni, nikapima mwanga wa shavu badala ya wa anga, mwanga unaoruka kutoka chini unauingia uso chini ya kofia, unatulia hapo, na macho yanaonekana. Anga lote linapotea linakuwa jeupe. Lipotee.

Kupiga magoti kulileta jambo jingine ambalo sikulitarajia. Mtu aliyesimama na kamera mbele ya mtu aliyeinama ni msimamizi. Nilipokuwa chini, wakaanza kunisemesha.

"We mwana, utakaa hapo mpaka maji yajae? Shika kamba."

Nikashika. Kamba hufungwa kati ya mambo mbili, vile vigingi vinavyochomekwa mchangani, na kila shina la mbegu hufungwa kwa taitai, kijikamba kidogo cha plastiki. Linaonekana jambo la kitoto. Fundo langu likilegea, wimbi moja tu, mwani umekwenda. Kwa miaka mpaka leo, mwani wowote unaookotwa ufukweni umekatika huitwa pale kijijini "mwani wa mpiga picha." Nimeshasikia mtoto asiyenijua akilisema.

Mwaka 2011 kamera iliteleza ikaingia majini, sekunde mbili tu. Fundi wa Darajani aliifungua, akaitazama, akanirudishia vipande katika mfuko wa plastiki. "Dada, hii imekula chumvi nyingi, na haikuwahi kuwa mzee." Nikarudi kwenye harusi. Nilipiga Shaabani yote na Mfunguo Mosi wote, usiku baada ya usiku, nikanunua nyingine. Hesabu ya kazi yangu imekuwa hiyo tangu siku hiyo: harusi ndiyo iliyolipia mwani. Wapo wenzangu wanaoona haya kusema kwamba wanapiga harusi. Mimi naona haya zaidi kumtegemea mfadhili anayeniambia nani acheke.

Nikiwa sina kamera nilikuwa bado nakwenda, na hapo nikaujua upande wa pili wa mwezi. Siku za maji mafu, bahari isipokauka vya kutosha, wanawake hawaendi shamba. Wanakaa uani: wanasuka ukili, wanasota makumbi, wanafunga mbegu, wanasutana, wanapatanishwa, wanasindikiza mwali. Nilikuwa nikienda bamvu tu, miaka mitatu, nikidhani napiga picha za maisha ya wanawake, kumbe nilikuwa napiga zamu yao ya kazi. Maisha yako siku za maji mafu. Picha ninazozipenda mimi mwenyewe zote ni za uani, na hakuna hata moja iliyowahi kununuliwa na mtu.

Nije kwenye kanga, maana hapa ndipo nilipokaribia kufukuzwa kijijini.

Kanga ina pindo, ina mji, na ina jina. Sisi wenyewe tunajua kwamba jina halikuwekwa liwe pambo. Mtu huvaa kanga apite mlangoni kwa mtu, na ujumbe umefika bila mdomo kufunguliwa. Mimi nimezaliwa katika hayo, nimelelewa katika hayo, na bado nilipokuwa nyuma ya lenzi niliona rangi tu. Nilipiga picha mwanamke anaanika mwani, kanga nyekundu na nyeusi, upepo umeitandaza nyuma yake kama tanga, herufi zote zinasomeka: HASIDI HANA SABABU. Picha ikaingia katika kalenda iliyotolewa na wanunuzi fulani, mwezi wa Juni. Nikapeleka nakala kijijini kwa furaha, zikatundikwa kwenye banda la kukaushia.

Kumbe kanga ile ilinunuliwa kwa ajili ya jirani. Ugomvi wao ulikuwa wa mpaka wa shamba la mwani, kamba za huyu kuingia kwa yule, na ulikuwa umeshasuluhishwa na wazee, watu wakala na wali wa suluhu. Sasa banda zima, na Ulaya, na popote kalenda ilikofika, hasidi anatangazwa. Na ni mwezi mzima. "Ugomvi wa siku moja mie ningeustahimili," jirani aliniambia, mikono kiunoni, "lakini weye umenipa siku thalathini!" Mwenye kanga naye akanigeukia kwamba nimemrudisha katika jambo alilokwisha kusamehe. Nilikaa kikao, nikaomba radhi kwa wote wawili, nikatoa mchele. Juni ikachanwa kwenye kalenda zote za banda, na mpaka Disemba hesabu za mauzo ziliandikwa zikiruka kutoka Mei kwenda Julai.

Tangu hapo nasoma kanga kabla sijapima mwanga. Mhariri wa gazeti moja aliwahi kuniambia nina wasiwasi kupita kiasi, nani asomaye kanga. Wanaosoma ndio waliomo katika picha.

Na majina nayo. Kulikuwa na maonyesho ya picha mjini, nikawakodia gari dogo wanawake sita waje waone. Bibi mmoja alisimama mbele ya picha yake, akamuomba mjukuu amsomee kibandiko. Mtoto akasoma: "Mkulima wa mwani, Zanzibar."

"Huyo nani?"

"Wewe, bibi."

"Mie sina jina?"

Nilikuwa nalo jina lake. Nilikuwa nimelala kwake, nimekula kwake, ameniuguza homa. Nililiacha kwa sababu ndivyo wanavyoandika wengine. Ile picha ya mama na watoto inayojulikana sana, ya mpiga picha Mmarekani Dorothea Lange, iliyopigwa Nipomo, California, mwaka 1936, mpigaji alikiri baadaye kwamba hakumuuliza mama yule jina lake. Dunia ilikuja kumjua kuwa ni Florence Owens Thompson mwaka 1978, naye akiwa mtu mzima wa miaka 70 na ushei, hajapata senti kutokana na uso wake, na akisema kwa uchungu kwamba ni heri asingepigwa. Nilipokisoma kisa hicho nilimlaumu sana Lange, kwa siku nzima. Halafu nikamkumbuka bibi wangu na kile kibandiko. Lange angalau hakumjua mtu wake. Mimi nilimjua.

Lakini jina si dawa ya kila ugonjwa. Mwaka 2016 nilianza kazi ya pili, juu ya wanawake waliorejea kutoka Oman. Huku kwetu Oman si ng'ambo ya mbali, ni kwa wajomba. Kila mtaa una mtu Maskati. Lakini anayekwenda kwa jamaa zake na anayekwenda kwa wakala kufanya kazi za ndani hawafiki Oman moja. Hawa wa pili wengi hunyang'anywa pasi ya kusafiria siku ya kufika. Wapo waliotendewa wema, wakarudi wamejenga, na wakakasirika nilipowaletea uso wa huruma. Wapo waliorudi na mkoba wa plastiki tu. Wengi walitaka nisionyeshe nyuso, nikapiga mikono, masanduku, chupa tupu za udi, simu zilizopasuka ambazo ndani yake mna sauti za watoto waliowaacha.

Mmoja alitaka uso uonekane. Alisema nimechoka kujificha kama niliyeiba ni mimi. Nikamuuliza siku ile, akasema ndiyo. Nikarudi baada ya wiki, akasema ndiyo. Watu wetu wana adabu na mgeni. "Ndiyo" ya kwanza ni kama kikombe cha kahawa: unapewa kwa sababu umeingia. Ndiyo maana mimi hurudi kuuliza tena. Huyu nilirudi mara tatu, akatia saini karatasi, nikaamini nimefanya kila kitu kama inavyotakiwa.

Siku mbili kabla ya ufunguzi alinipigia simu usiku. Mama yake anaumwa, fedha hazipo, ameamua kurudi Oman, wakala ni mwingine, na hawa mawakala wanaangalia mitandao. Hakusema niitoe. Alisema tu, "Basi nimekupa taarifa, dada," akanyamaza, nikawa nasikia feni ya chumbani kwake.

Niliitoa. Waandaaji waliniambia karatasi ina saini, mialiko imetoka, na picha ile ndiyo iliyo kwenye bango. Yote kweli. Nikawaambia saini ilikuwa ya mtu ambaye hana haja ya kurudi, na sasa ni mtu mwenye haja. Tulibishana mpaka adhuhuri. Bango likabadilishwa kwa gharama yangu, harusi mbili nzima zilikwenda hapo. Ukutani palibaki msumari, nami nikaomba msumari usitolewe. Waandaaji wale hawakunipigia simu tena, na sijui kama ningekuwa wao ningefanya vingine. Walikuwa na wakubwa wao. Yule dada alikwenda. Faili la picha yake liko katika diski ambayo nimeiandikia juu kwa kalamu nene, nimeitia ndani ya kikapu cha ukili juu ya kabati. Sikukusudia kiwe kikapu. Ndicho kilichokuwa karibu.

Vijana wa kike siku hizi wananiuliza zaidi kuhusu malipo: je, umlipe unayempiga? Kule Paje watalii wameshapiga sana, wanawake wamechoka, na ukinyanyua simu utasikia bei kabla hujasikia salamu. Nawaelewa. Jua lao, mgongo wao, kilo kadhaa za mwani mbichi zinazokauka zikawa kilo moja ya kuuza kwa bei ndogo, halafu mtu apite apate picha bure? Mimi silipi picha, lakini siendi mikono mitupu wala sikai kama mgeni siku tatu. Na sharti langu moja ambalo silivunji ni karatasi. Kila ninayempiga hupata picha yake imesafishwa, ya kushika mkononi, nimeitia plastiki kwa sababu ya chumvi. Kumtumia kwa simu sihesabu. Simu huuzwa, huibwa, huzama, na mwenye simu mara nyingi ni mume.

Bahari yenyewe inabadilika. Ule mwani wenye bei nzuri zaidi, cottonii, haustahimili maji kupata joto. Unageuka mweupe, unalainika, unakatika. Kilichobaki karibu na ufuko ni spinosum, wa bei ya chini. Mtafiti Flower Msuya na wenzake walileta njia ya mifuko ya nyavu katika maji ya kina, ambako kuna ubaridi, lakini huko kunataka mashua na kunataka kuogelea, na wanawake wengi wa rika la wale wa mwanzo hawakufundishwa kuogelea. Wamefanya kazi baharini miaka thelathini, maji hayajawahi kuwapita kifua. Mabinti zao wengine wameingia kutengeneza sabuni za mwani, wengine wako mahotelini. Baadhi ya wale niliowapiga mwaka 2008 wameshatangulia mbele ya haki, na jamaa zao wanakuja kwangu kuuliza kama ninayo picha nyingine zaidi ya ile iliyoinama.

Ninayo, kwa bahati. Si ya wote.

Yule bibi wa asumini bado yuko. Mwaka jana, wakati wa maji mafu, alinipelekea ujumbe kwa mjukuu wake kwamba niende na kamera. Nilipofika alikuwa ametandika shuka la maua ukutani, amelikaza kwa misumari minne, na chini yake ameweka kiti cha nyumba ya jirani, maana chake kimevunjika mguu. Amevaa doti mpya. Amejitia asumini.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Picha moja shilingi ngapi?"

Nikamwambia bibi, miye na weye tena, hakuna bei.

"Mie sikukuita kunipa sadaka. Nimekuuliza bei."

"Elfu tano."

"Weee! Elfu tano kwani unapiga na meno yangu yarudi? Elfu mbili."

"Elfu tatu, na plastiki juu yangu."

Akafikiri. Akatoa noti tatu kwenye pindo la kanga, akazihesabu mara mbili, akanipa. Nikazipokea kwa mikono miwili, nikatia mfukoni. Nikarudi nyuma, nikapiga magoti, nikamwomba ageuze kidevu kidogo kulia kwa sababu mwanga wa mlangoni ulikuwa unatoka upande huo.

"Hapana," akasema. "Nataka niangalie huku."